Jina la domeni kwa mfanyabiashara wa Unguja na Pemba: kulipata, kulishika na kulidai likiwa mikononi mwa mwengine

Bi mkubwa mmoja wa Jambiani alinipigia simu baada ya alasiri. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano, hatua chache kutoka pwani, na kwa miaka sita wageni wake walimfikia kupitia tovuti yake mwenyewe. Siku hiyo tovuti ilifunguka ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: jina hili linauzwa. Bei, dola 1,900. "Mwanangu, mimi nimelipa kila mwaka," akaniambia, "na risiti ninazo." Nilikwenda kesho yake. Risiti alikuwa nazo kweli, zimefungwa kwa mpira ndani ya mfuko wa nailoni. Tukazisoma moja moja. Zote ziliandikwa na kijana aliyemtengenezea tovuti. Hata moja haikutoka kwa msajili wa majina, yaani duka linalouza majina ya tovuti.

Jina halikuwahi kuwa lake. Kijana alilisajili kwenye akaunti yake, kwa barua pepe yake, na alipohamia nje ya nchi akaacha kulilipia. Likapigwa mnada, likachukuliwa na mtu anayefanya biashara ya majina.

Watu wengi wakisikia habari za majina ya mtandaoni kuvamiwa humfikiria mjanja wa mbali aliyekaa mbele ya kompyuta anatuvizia. Yupo, nami nitamfikia. Lakini majina mengi niliyoyaona yakipotea hapa kwetu yalipotea kabla ya mjanja yeyote kuyagusa, kwa sababu siku ya kwanza yaliandikwa kwa mtu asiye mwenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye usajili, na kwenye kesi unapita kwa ufupi.

Unachonunua ni nini

Jina la domeni, yaani anuani ya tovuti yako, ambalo baadhi ya programu huliita kikoa, halinunuliwi moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka, na kwa majina kama .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Juu kabisa ipo ICANN, taasisi iliyoundwa Marekani mwaka 1998 kusimamia mfumo mzima. Chini yake kila mwisho wa jina una mtunza daftari wake, daftari la .com linashikwa na kampuni ya Verisign. Kisha wapo wasajili, hao ndio maduka unayonunulia. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), nayo huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Zanzibar haina herufi mbili zake kwenye orodha ya nchi, kwa hiyo .tz ndiyo yetu pia.

Kanuni ya daftari ni moja: aliyetangulia kuandika ndiye mwenye jina. Hakuna anayeuliza kama unastahili. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikwa tarehe 15 Machi 1985, na kwa miaka kumi ya mwanzo kusajili kulikuwa bure. Malipo yalianza mwaka 1995, na wakati huo watu walikwisha kuona kwamba jina zuri ni mali. Mmarekani Dennis Toeppen aliandika panavision.com, akaitaka kampuni ya Panavision impe dola 13,000. Kampuni ikaenda mahakamani, na mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikaipa haki.

Sasa tazama hesabu. Majina ya herufi tatu za alfabeti kwenye .com ni 17,576 tu, na yamekwisha zamani. Maneno ya kawaida ya Kiingereza nayo yamekwisha. Bei ya jumla ya .com, ile ambayo msajili humlipa Verisign, ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka mnamo Septemba 2024. Anayeatamia majina elfu moja analipa kiasi cha dola 10,260 kwa mwaka. Akiuza manne kwa dola elfu tatu tatu, amerudisha gharama na faida juu. Kwa hiyo atakaa nayo, hana haraka, na kumkasirikia hakumpunguzii kitu.

Tena si kila mwenye jina unalolitaka ni mvamizi. Uzi Nissan, ambaye Nissan ni jina la ukoo wake, aliandika nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Kampuni ya magari ilimshitaki mwaka 1999, kesi ikaenda miaka, na jina likabaki kwake. Kabla hujamwita mtu mwizi, tazama kama naye ana sababu yake.

Hatua ya kwanza: tafuta jina kwenye Kiswahili

Jaribu kusajili jina lolote lenye "zanzibar" na neno la utalii la Kiingereza pembeni, utaona hali ilivyo. Lakini Kiswahili bado ni shamba lisilovunwa. Ukili, pakacha, ngalawa, kaskazi, kusi, mwani, mkungu: chukua neno kama hilo, liunganishe na kitu cha kwako, na mara nyingi utakuta liko wazi. Mgeni hukumbuka neno asilolijua likiwa fupi na lina sauti nzuri, na wewe huna haja ya kushindana na mashirika mia yenye majina yanayofanana.

Kuna mitego ya herufi ambayo ni yetu sisi. Domeni hupokea herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu, na kila kipande kisizidi herufi 63. King'ong'o, ile alama ya ng', hakiingii. Biashara ya Ng'ambo itaandikwa "ngambo", na mtu wa kwetu atalisoma vibaya kabla hajazoea. Pili, maneno yetu huishia na vokali na mengine huanza na vokali, na kwenye domeni hakuna nafasi baina yake. Muuza karafuu mmoja alitaka kuunganisha karafuu na Unguja. Yaandike pamoja uone: karafuuunguja. U tatu mfululizo! Nani atazihesabu? Tulipoligeuza likawa ungujakarafuu, tatizo likaisha. Bwejuu nayo hivyo hivyo, wageni wengi huacha u moja.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Mpigie simu mtu ambaye hajui biashara yako, mtamkie jina mara moja tu, mwambie aliandike na akutumie. Fanya hivyo kwa watu watatu, mmoja wao awe mgeni ikiwezekana. Wakikosea wawili, tafuta jingine. Wenye dhi, thi na zeta wajihadhari zaidi: "dhahabu" utaletewa kwa namna tatu.

Jina la mahali peke yake, kama Paje, Nungwi au Wete, usilitegemee. Likiwa wazi lichukue, lakini likiwa limechukuliwa usidhani utalidai kwa sababu wewe ni mzaliwa wa pale. Jiji la Barcelona lilishinda shauri la barcelona.com mwaka 2000 mbele ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO), kisha mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikalirudisha jina kwa waliokuwa nalo, kwa kuwa jina tupu la mji si alama ya biashara. Ikiwa jiji zima limeshindwa, wewe na vyumba vyako vitano utafika wapi?

Hatua ya pili: chagua mwisho wa jina

Kwa nyumba ya wageni, watembeza watalii na wanaouza nje, mimi hushauri .com na .co.tz kwa pamoja. Mgeni huandika .com bila kufikiri; .co.tz humwambia mtu wa hapa kwamba upo. Jumuiya, vikundi vya akina mama wa mwani na mifuko ya misaada wana .or.tz. Skuli zina .sc.tz, vyuo .ac.tz, na .go.tz ni ya serikali peke yake. Ipo pia .hotel.tz, ambayo wengi hawaijui. Jina likiwa limekwenda kwenye .com, .africa iliyoanza mwaka 2017 bado ina nafasi kubwa.

Ya bure yaache. Kwa miaka mingi .tk, .ml na .ga zilitolewa bure, vijana wengi wakajengea juu yake. Mwaka 2023 Gabon iliirudisha .ga mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa.

Hatua ya tatu: kagua, na ununue papo hapo

Nenda lookup.icann.org kwa .com na wenzake, uandike jina. Likiwa limesajiliwa utaona tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kwisha na msajili wake. Jina la mwenyewe siku hizi mara nyingi limefichwa. Kisha tafuta jina hilo hilo kwenye archive.org uone zamani lilitumika kwa nini. Jina lililowahi kuwa la kamari au la ulaghai lina sifa mbaya kwenye mitambo ya barua pepe, na barua zako zitakuwa zikiangukia kwenye taka.

Tazama pia kama jina liko wazi Instagram na kama hakuna biashara nyingine iliyokwisha kulisajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa hapa Zanzibar. Likiwa safi, nunua kikao hicho hicho. Usilitangaze kwenye kundi la WhatsApp kuuliza maoni halafu ulale.

Hatua ya nne: liandike kwa jina lako

Hapa nakuomba usome polepole.

Fungua akaunti kwa msajili wewe mwenyewe. Kama hujui, mweke mtaalamu pembeni, lakini vidole viwe vyako na simu inayopokea namba za uthibitisho iwe yako. Kwenye sehemu ya mwenye jina andika jina lako kamili au la kampuni kama lilivyo kwenye cheti. Fundi wa tovuti ana sehemu yake, ya mhusika wa ufundi; hapo muandike, na hiyo inamtosha kwa kazi yake.

Barua pepe unayoiweka isiwe ya domeni hiyo hiyo. Watu wengi hukosea hapa. Unanunua jina, unatengeneza barua pepe nzuri yenye jina hilo, unaiweka kwenye akaunti ya msajili. Siku jina likiisha muda, barua pepe nayo inakufa, na onyo la msajili linatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Weka ya Gmail au nyingine ya kawaida, ambayo unaifungua kila siku.

Namba ya simu iwe laini unayoitumia. Laini ikikaa kimya muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mtu mwengine, na namba za kuingilia zitamfikia yeye. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na hakikisha kufuli ya kuzuia kuhamishwa imewekwa.

Kuhusu bei, ukiona .com kwa dola moja, soma maandishi madogo ya chini, kwa sababu bei ya jumla umekwisha kuijua. Hiyo dola moja ni ya mwaka wa kwanza. Angalia ya mwaka wa pili ndiyo uamue. Kwa .co.tz wasajili wengi wa nchini hupokea shilingi kwa simu. Kwa .com utahitaji kadi, na hapo ndipo watu humwachia fundi alipe kwa kadi yake. Akikulipia sawa, mrudishie pesa yake, lakini akaunti ibaki yako na risiti ya msajili iingie kwenye barua pepe yako wewe.

Hatua ya tano: usiliache likaisha

Kwa .com na jamaa zake, jina likipita tarehe yake msajili anaweza kukupa muda, kuanzia siku sifuri hadi 45, wa kulipia kwa kawaida. Wengine ndani ya muda huo huo huanza kulipiga mnada. Likifutwa kwake, zinafuata siku 30 ambazo bado unaweza kulikomboa, kwa faini inayoipita bei ya mwaka mara kadhaa. Kisha siku 5 ambazo hakuna awezaye kuligusa, halafu linaachiwa, na ipo mitambo inayosubiri sekunde hiyo.

Kusahau kunawapata hata wakubwa. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, huduma ya Hotmail ikayumba, na mtu wa nje, mtayarishaji programu Michael Chaney, akawalipia dola 35 kwa kadi yake. Yeye alikuwa mwungwana. Wewe lipia miaka mitatu au mitano kwa pamoja, washa ulipiaji wa kujirudia, na tarehe ya mwisho iandike kwenye daftari la karatasi linalokaa dukani, pale watoto wako na msaidizi wako wanapoweza kuiona.

Utaletewa barua pepe za kukutisha. Moja husema kuna kampuni ya China inataka kusajili jina lako, ujibu haraka. Nyingine hufanana na ankara ya kulipia upya, lakini haikutoka kwa msajili wako. Usibonyeze kiungo chochote ndani yake. Ingia kwenye akaunti kwa mkono wako uangalie tarehe.

Jina likiwa kwa fundi wako

Kama umesoma hadi hapa na umegundua jina lako liko kwenye akaunti ya mtu mwengine, na bado linafanya kazi, usimpigie simu na hasira. Yeye ndiye mwenye funguo. Wengi hawakukusudia ubaya. Waliona ni njia nyepesi ya kufanya kazi. Mwende kwa salamu, mwambie unataka kupanga mambo ya biashara yako vizuri. Kama unadaiwa chochote cha kazi, lipa kwanza. Kisha kaeni pamoja na kompyuta moja, mmalize siku hiyo.

Kama wewe na yeye mnaweza kutumia msajili mmoja, fungua akaunti yako pale, naye alisukume jina kutoka kwake kuja kwako. Kwa wasajili wengi ni dakika chache. Kama ni wasajili tofauti, yeye aondoe kufuli na aombe msimbo wa kuhamisha. Wewe uuingize kwa msajili wako, ulipe mwaka mmoja ambao unaongezwa juu ya uliopo, na usubiri kiasi cha siku tano. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita huenda likakataa, basi subiri. Likishafika, badilisha neno la siri na usimpe mtu.

Akikataa, kusanya ushahidi: mazungumzo ya WhatsApp ulipomuagiza jina, malipo ya simu, mkataba kama upo, picha za tovuti. Mpe barua ya maandishi yenye siku za kujibu. Kwa kuwa mna makubaliano ya kazi, hilo ni deni la kawaida baina ya watu wawili, na sheha au wakili wa hapa mjini anaweza kulisaidia kabla halijafika mbali.

Jina likiwa kwa mfanyabiashara wa majina

Jiulize kwanza: bila jina hili biashara itakufa? Bi mkubwa wa Jambiani nilimuuliza hivyo. Akafikiri, akasema wageni wake huja kwa pweza wa nazi na kwa kuambiana. Hatukulipa dola 1,900. Tulichukua jina jipya la Kiswahili siku ile ile, kwa jina lake, kwa simu yake. Tukabadilisha anuani kwenye ramani ya Google, kwenye Instagram na kwenye ubao wa barabarani, na akawaandikia wageni wa zamani mmoja mmoja. Jioni tatu nzima alikaa barazani na daftari lake la wageni huku mjukuu akichapa.

Ukiamua kununua, usijitambulishe kwa jina la hoteli kubwa wala usioneshe shauku. Uliza bei, toa yako ya chini, nyamaza wiki. Mkikubaliana, pesa zipite kwa mtu wa kati anayeaminika kama Escrow.com, ambaye huzishika mpaka jina lifike kwako. Kumtumia mtu usiyemjua pesa moja kwa moja ni kuzitupa baharini.

Hatua ya mwisho: kulidai kisheria

Kwa .com na nyingi nyinginezo upo utaratibu uliopitishwa na ICANN mwaka 1999, na WIPO huko Geneva ni miongoni mwa wanaosikiliza mashauri hayo. WIPO hupokea na ya .tz. Inabidi uthibitishe mambo matatu yote: jina ni sawa au linafanana na alama yako ya biashara kiasi cha kuchanganya, mwenye jina hana haki nalo wala sababu halali, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukikosa moja umeshindwa. Ada ya WIPO kwa jina moja hadi matano mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, bila ya wakili, na ukishinda unapewa jina tu, hakuna fidia.

Angalia hilo la kwanza: alama ya biashara. Bila ya alama, shauri lako linaanza likiwa linachechemea. Na hapa wengi wetu hukosea, kwa sababu mambo ya alama za biashara si ya Muungano. Alama iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara kule Bara, haina nguvu Zanzibar, na ya hapa haivuki bahari kwenda Dar es Salaam. Kwa Unguja na Pemba unakwenda Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008. Kusajili jina la biashara pekee hakutoshi. Mwambie karani unataka alama ya biashara, umuoneshe jina na nembo kama unavyovitumia. Kama unauza na Bara, fanya na kule.

Cheti kikitoka, kipige picha, ukihifadhi kwenye faili moja na risiti za msajili na ule ukurasa wa daftari wenye tarehe ya kulipia.